Pumzi Juu ya Utando

6 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mama yako naye mzima, ila goti lake la kushoto limejipa kazi ya kutabiri mvua, na mara nyingi linakosea. Anakuuliza kama unakula. Nimemwambia mtu asiyekula hana nguvu ya kubishana na mjomba wake kwenye simu.

Na kuhusu simu, usinune kwamba nilikukatiza ulipoanza kunieleza kazi yako. Sheria ya nyumba hii unaijua tangu ulipokwenda bweni: simu ni ya salamu, barua ni ya mambo. Kwenye simu mtu husema "ndiyo, ndiyo" na hajaelewa kitu. Barua naisoma mara mbili, na ya tatu nikiwa na penseli. Tena usiniombe simu ya picha. Mimi ni mpiga picha. Sura yangu haitoki studio bila kupangiwa mwanga.

Kazi ipo. Picha ndogo za vitambulisho ndizo zinazotulisha siku hizi. Lakini wiki hii kaja mama mmoja na picha ya harusi ya wazazi wake, fremu imeingia unyevu na picha imeganda kwenye kioo. Ndiyo picha pekee waliyo nayo. Nimekubali, ingawa bibi harusi ameshika kioo kwa uso mzima. Nimeanza pembeni kama ulivyozoea kuniona: unaipulizia haa ya moyoni, ile pumzi ya joto, unasubiri kidogo, unainua kwa ncha ya kisu kisicho na makali, halafu haa nyingine. Itachukua muda. Haina haraka, wazazi wenyewe wameshatangulia.

Sasa nieleze kazi yako kwa maneno ya mtu aliyeishia sekondari. Mama yako anawaambia watu unatengeneza betri, na fundi viatu wa jirani ameshaulizia ya redio.

Mimi mjomba wako.


27 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za jengo letu kwa sababu nilishindwa kungoja lifti. Mwambie mama nakula. Mwambie pia goti alipeleke kwa daktari, halina leseni ya kutabiri. Mimi mzima. Chumba changu ni kidogo, nikiwa kitandani naweza kufungua dirisha na kuzima jiko bila kuinuka.

Haya, shika penseli. Betri ina pande mbili, na katikati kuna njia ya kupitisha chembe za lithiamu. Ukichaji zinakwenda upande huu, ukitumia zinarudi upande ule. Katika betri za kawaida njia hiyo ni kimiminika, na kimiminika hicho kinashika moto kama mafuta ya taa. Sisi tunataka kukitoa, mahali pake tuweke utando mkavu wa polima, yaani jamii ya plastiki, mwembamba kuliko karatasi unayofungia picha za wateja.

Upande mmoja tunaweka lithiamu tupu, metali yenyewe, kwa sababu inabeba umeme mwingi kwa uzito mdogo. Ila ina tabia mbaya. Ukiichaji haijipangi sawasawa, inaota miiba. Mwiba ukitoboa utando ukagusa ng'ambo, betri imekufa. Utando ukiwa mgumu unazuia miiba, lakini chembe nazo zinapita kwa kujikokota, hasa kukiwa na baridi. Ukiwa laini, chembe zinapita vizuri na miiba inapita vilevile. Kazi yangu yote ni hiyo: kutafuta kitu kigumu kwa mwiba na laini kwa chembe.

Adui wetu mwingine ni maji. Lithiamu haitaki hata unyevu wa hewani. Kwa hiyo utando uliokwisha kukaushwa tunaushughulikia katika chumba kikavu, chenye mashine inayofyonza unyevu mpaka midomo inatupasuka. Humo tunavaa barakoa. Si kwa kujikinga sisi, ni kuikinga lithiamu na sisi.

Utando unakauka juu ya kioo kisha unabanduliwa. Mwingine unatoka wenyewe, mwingine unang'ang'ania. Hapo ndipo ninapokukumbuka. Wenzangu wanavuta na kuchana. Mimi naanza pembeni taratibu kama ulivyonifundisha, na sijachana hata mmoja. Profesa anasema nina mkono wa pekee. Nikamwambia si wangu, ni wa mjomba.

Nikueleze na lililo zito. Mwisho wa Julai kamati inayotoa fedha za utafiti inakaa. Ikiona tando zetu hazidumu, meza yetu inafungwa, na mimi nitahamishiwa upande wa vimiminika. Kazi nitakuwa nayo, usiogope. Lakini sikuja huku kwa ajili hiyo.

Mpwa wako.


20 Machi

Mama Maswali,

Hatujambo. Goti limepelekwa kwa daktari, limepewa dawa, sasa halitabiri tena na mama yako analalamika kwamba hajui lini aanike nguo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kigumu kwa mwiba na laini kwa chembe! Nimemsomea mama yako, nikamwambia huo utando ni yeye: mgumu kwa mwizi, laini kwa mgeni. Akasema, "Na wewe ndiye ule mwiba."

Nimefurahi kuhusu mkono. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama juu ya kigoda pembeni yangu umefumba mdomo usije ukapumua kabla sijakuruhusu.

Sasa na mimi nina swali la betri, kwa kuwa tunaye mtaalamu. Ile ya flashi yangu kubwa imevimba. Imekuwa na tumbo kama mto wa kulalia, kifuniko chake kinafunga kwa gundi ya karatasi. Ila inachaji na inawaka vizuri tu. Mwezi ujao mwishoni kuna picha za wanaomaliza shule, darasa baada ya darasa, na bila flashi ile nyuso za nyuma zitakuwa masizi. Nadhani itanifikisha. Baada ya hapo nitatafuta nyingine. Unaonaje?

Bibi harusi ameachia kioo mpaka sikioni. Bado shavu.

Mjomba.


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, utanisamehe.

Betri hiyo usiitumie tena. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe kupunguza upepo. Ule si upepo, ni kimiminika nilichokueleza kimeanza kuoza ndani na kutoa gesi. Chukua ndoo ya mchanga mkavu, iweke betri humo, ndoo ikae nje mbali na ukuta na mbali na kemikali zako. Kisha waulize wanaouza betri wanakopeleka zilizoharibika. Nyuso za nyuma ziwe masizi, hazitakufa.

Nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Nilijua ungesema "ndiyo, ndiyo" halafu ukaiacha ifikishe picha za shule. Ndiyo maana nimekuandikia hatua kwa hatua, uisome na penseli.

Huku mambo hayaendi. Tuna mchanganyiko wa saba ambao kwenye karatasi ndio bora kuliko yote: tumechanganya polima mbili, moja laini ya kupitisha chembe, nyingine imefungana kama wavu wa kuzuia miiba. Ukiushika, hauchaniki. Ukiupima peke yake, chembe zinapita kama wageni wa mama. Ukiuweka kwenye betri unakufa siku hiyohiyo. Si wote, na hilo ndilo linalonikera. Huu unakufa, ule unaishi, na wametoka chungu kimoja. Michanganyiko dhaifu, ile inayobanduka yenyewe kama ngozi ya kitunguu, inaishi zaidi kuliko huu.

Profesa amesema Juni ikiisha hali ikiwa hivi, tuuache wa saba. Nimekubali kwa mdomo.

Niambie umeitoa betri.

Mpwa wako.


24 Mei

Mpwa wangu,

Hatujambo sote. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Utaona mwandiko umebadilika. Nafanya mazoezi ya mkono wa kushoto. Nimesikia redioni kwamba yanachangamsha akili za wazee.

Betri imeshatoka. Usiwe na wasiwasi nayo.

Usiache mchanganyiko wa saba kwa kuwa mtu amekwambia. Na usipange safari yoyote kabla ya kamati. Mama yako anakusalimu.

Mjomba.

(Pembeni, kwa kalamu nyingine:) Mwanangu, muulize mjomba wako mkono wa kulia uko wapi. Mimi nimeapishwa. Mama.


14 Juni

Mjomba,

Shikamoo, kama unastahili.

Mjomba wangu anayejibu kila swali kwa mpangilio ameniandikia barua yenye mistari ya kuhesabika, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, halafu ananiletea habari za redio. Nimempigia mama. Amesema, "Hatujambo, umekula? Muulize mwenyewe," akakata. Nimekupigia wewe, ukasema mwangwi mbaya, hunisikii. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri. Nilisikia hata kijiko kikidondoka na mama akisema, "Acha, nitakulisha."

Nasubiri barua moja. Isipofika yenye ukweli kabla ya kamati, nitakuja, na kamati ikae bila mimi.

Nina habari nyingine. Nilitaka kuiweka mpaka uniambie yako kwanza, lakini nashindwa kuibeba peke yangu.

Juzi nilikuwa chumba kikavu nikibandua utando wa saba. Ulikuwa umeng'ang'ania kama kawaida yake. Mwenzangu mmoja, tunamwita Miwani, alikuwa nje ya ukuta wa kioo akisubiri zamu. Nilipotoka akaniuliza:

"Dada, huwa unauombea dua?"

"Dua gani?"

"Kila ukifika kwenye kona unashusha barakoa, unainama, unausemesha. Nimekuona mara nyingi. Nilidhani ni mambo ya imani, nikakuheshimu."

Mjomba, nilikaa chini pale mlangoni. Nilikuwa naupulizia haa. Haa ya moyoni, kama yako, na wala sikuwa najijua! Ukiniuliza kwenye mtihani pumzi ya mtu ina nini nitakujibu: ina maji. Ukiniuliza maji yanaifanya nini lithiamu, nitakujaza ubao. Lakini mdomo wangu haukuulizwa. Ulikuwa kwenye kigoda studio kwako, ukisaidia kazi.

Sasa fikiria. Tando zinazobanduka zenyewe sikuzipulizia, zikaishi. Wa saba ndio unaonata kuliko zote, kwa hiyo ndio niliopulizia kuliko zote. Ule ulio bora ndio niliokuwa nauua. Na tulikuwa tumebakiza wiki chache tuutupe.

Miwani hajanicheka. Alisema tu, "Basi twende tukatengeneze mwingine, na mimi nitakushikia barakoa." Tumeanza upya. Majibu sijayapata bado.

Usijilaumu hata kidogo. Najua utaanza. Kwenye picha ni dawa.

Nasubiri.

Mpwa wako.


2 Julai

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Mama yako kakaa hapa mbele yangu na kalamu yake, amesema nisipoandika mimi ataandika yeye, naye hana breki. Kwa hiyo naandika.

Mkono wa kulia uliungua. Ilikuwa siku ya picha za shule. Darasa la mwisho lilikuwa limeshajipanga, nikasikia flashi inafanya joto, nikaichomoa betri. Ikatoa mlio kama chupa ya soda, halafu ikawaka mkononi. Si moto wa kawaida, ulikuwa unatema. Wanafunzi wamesalimika wote, niliitupa uwanjani mbali nao. Niliungua kiganja, kidole gumba na viwili vinavyofuata. Hospitali walinihudumia vizuri. Sasa kuna ngozi mpya, nyekundu kama ya mtoto mchanga, na nesi ananifundisha kukunja vidole juu ya mpira. Mkono haufungi vizuri. Kijiko hakitaki, kisu hakitaki. Daktari anasema utarudi, ila hajasema wote.

Umejua la mkono. Lakini si mkono niliokuficha.

Barua yako ya Aprili, ile ya ndoo na mchanga, ilifika siku ya pili baada ya moto. Mama yako alikuja nayo hospitali, akaifungua, akanisomea. Alipofika kwenye ndoo akaishusha barua. Nikamwambia aendelee. Akasoma mpaka pale uliposhika simu ukaiweka. Hapo nikamwomba aikunje, nikamwapisha. Nilijua siku utakayopiga hesabu ya tarehe hutalala tena.

Basi nikwambie kabla hujaipiga. Sheria ile ni yangu, niliitunga mimi, nikakufundisha ukiwa mdogo na wewe ukaitii kama ulivyoitii haa. Hukukosea. Na hata simu ingelia, unanijua, ningesema "ndiyo, ndiyo." Nimeifikiria sana kitandani, na nimeirekebisha. Salamu kwa simu, mambo kwa barua, na moto kwa simu tena kwa kelele. Moto haungoji stempu.

Shajara yangu ilikuwa haijawahi kuruka siku tangu nilipomaliza shule. Mwezi wa tano una kurasa nyeupe. Nimeziacha vilevile.

Kuhusu haa, nilicheka mpaka mama yako akaja kutazama kama ni maumivu. Halafu nikacheka tena. Mtu anafundisha jambo jema, kumbe lina mahali pake.

Usije. Nakuomba sana. Ukija utanikuta nimekaa napanguswa mdomo na dada yangu, na hilo si la kuonyeshwa mtu. Kaa mbele ya kamati. Nataka kitu kile kiachane na kimiminika kabla mpiga picha mwingine hajapanga darasa la mwisho.

Picha ya harusi nimemwomba mwenyewe anivumilie. Kasema bibi harusi amezoea kusubiri.

Mjomba.


30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu tulishapeana siku ile nilipokupigia, ikiwa kupenga kamasi wawili mpaka simu ikatike kunaitwa salamu. Kisha mama akapiga yeye, akasema, "Mmemaliza kulia? Haya, umekula?"

Niliipiga hesabu ya tarehe hata hivyo. Ulijua nitaipiga. Usiku huo sikulala, wa pili nililala kidogo, wa tatu nikasoma tena pale unaposema ungesema "ndiyo, ndiyo," nikakusikia kabisa sauti yako, nikalala.

Kamati imekaa. Watu watano na mtungi wa maji mezani. Profesa alieleza, mimi nikaonyesha. Tulileta betri moja bapa ya utando wa saba uliobanduliwa na Miwani nikiwa nimesimama pembeni nimefumba mdomo. Tukaiunganisha na taa ndogo, ikawaka. Kisha nikachukua mkasi. Mzee mmoja wa kamati akarudisha kiti nyuma, nami nikamwelewa, maana wakati huo nilikuwa nauona mkono wako. Nikakata kona ya betri. Hakuna kilichotema wala kutiririka. Taa ikaendelea kuwaka. Nikakata tena, na nikasikia mtu akisema, "Ala!"

Sitakudanganya. Bado utando unataka joto ili ufanye kazi kwa kasi, kwenye baridi chembe zinajikokota, na miiba hatujaimaliza, tumeichelewesha tu. Kwenye betri ya flashi yako hautakuwamo mwaka huu wala mwakani. Lakini meza haijafungwa. Tumepewa muda mwingine, na wa saba ndio tunaoendelea nao.

Mlangoni pa chumba kikavu sasa kuna tangazo, Miwani ndiye aliyeliandika kwa herufi kubwa: BARAKOA HAISHUSHWI, HATA KWA HESHIMA YA MJOMBA. Wageni wanauliza mjomba ni nani. Wanaambiwa ni mtaalamu wa zamani.

Desemba nakuja. Hili si ombi. Mkunje vidole, wewe na mpira wako.

Mpwa wako.


25 Agosti

Mpwa wangu,

Hatujambo. Soma polepole, herufi zinapanda na kushuka. Hii ni ya mkono wa kulia. Nimeanza asubuhi, sasa mama yako anaita chai ya jioni.

Mtaalamu wa zamani! Nimemwonyesha fundi viatu. Ameacha kuulizia ya redio, sasa anauliza kama mkasi mliutoa kwake.

Jana nilimaliza ile picha ya harusi. Kisu nilikishika mwenyewe, mama yako alinishikia kioo tu, amefumba mdomo kama wewe. Ilibaki shavu na jicho moja. Nikainama, nikapuliza. Ameachia mzima, hata shela haikuchubuka.

Njoo Desemba. Huku pumzi bado inaruhusiwa.

Mjomba.